Kuandaa faili la kukatia: kutoka picha ya WhatsApp hadi mstari unaofuatwa na kisu

Mteja wa kadi za mwaliko hapa Dar es Salaam mara nyingi hufika na simu mkononi. Hufungua WhatsApp, huonyesha picha ya kadi aliyoipenda, ambayo imeshapita kwenye makundi mawili matatu ya kamati ya harusi kabla ya kumfikia, kisha huuliza kama kadi 120 za namna hiyo zinaweza kuwa tayari kabla ya Jumamosi. Mashine ya kukata ipo, karatasi za manila zinapatikana Kariakoo, lakini jibu la kweli linategemea kitu ambacho mteja hakioni, nacho ni faili. Kadi nyingi zilizoharibika mikononi mwangu hazikuharibiwa na kisu wala na karatasi. Zilikuwa zimeshaharibika ndani ya kompyuta, kabla mkeka, yaani ule ubao wenye gundi unaoshikilia karatasi, haujaingizwa kwenye mashine.

Maelezo haya yanawahusu wenye mashine ndogo za mezani, kama vile Cricut na Silhouette, na pia wale wasio na mashine ambao hupeleka kazi zao kwa fundi mwenye plota ya kukatia stika. Mashine hizo hutofautiana kwa upana, kwa nguvu na kwa bei, lakini zote hutaka kitu kimoja kutoka kwa mwandaaji, yaani mistari safi iliyochorwa kwa ukubwa halisi.

Kisu hakioni picha

Picha ya JPG au PNG ni mkusanyiko wa vigae vidogo vya rangi viitwavyo pikseli, na ndani yake hamna mstari wowote ambao kisu kinaweza kuufuata. Faili la kukatia ni la aina nyingine: huandika kwamba mstari unaanza hapa, unapinda hivi, unaishia pale. Muundo unaotumika zaidi kwa kazi hii ni SVG, uliopitishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2001. Mwingine ni DXF, wa kampuni ya Autodesk, uliokuja pamoja na AutoCAD mwaka 1982 na ambao bado unaeleweka na mashine nyingi. Programu ya Design Space ya Cricut hupokea yote mawili bila malipo. Silhouette Studio katika toleo lake la msingi lisilolipiwa hufungua DXF, lakini SVG yako mwenyewe huhitaji toleo la kulipia, kwa hiyo mwenye Silhouette asiyetaka kulipa ajizoeze kuhifadhi kazi yake kwa DXF. Ukipeleka kazi kwa fundi wa plota, muulize kwanza anatumia programu gani na toleo gani, kwa kuwa wengi hufanya kazi kwa CorelDRAW, na faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya huenda lisifunguke kabisa kwenye toleo la zamani.

Kwa kuchora, mimi hupendekeza Inkscape. Ni ya bure, haihitaji intaneti ikishawekwa, na SVG ndiyo lugha yake ya asili. Maelekezo ya vitufe nitakayoyatoa hapa ni ya programu hiyo.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba kisu hakijui rangi, kivuli wala unene wa mstari. Chora mstari wenye unene wa milimita 3 na utauona kwenye skrini kama utepe mnene, lakini mashine itapita mara moja tu katikati yake na kukuachia mpasuko mwembamba. Kama unautaka utepe wenyewe, geuza mstari huo kuwa umbo lenye kingo mbili kwa kubonyeza Ctrl, Alt na C kwa pamoja. Vivyo hivyo, duara jeupe lililowekwa juu ya duara jeusi huonekana kama tundu, ilhali kwa mashine hayo ni maumbo mawili yaliyolaliana, na programu nyingi zitayatenganisha na kuyakata kila moja mahali pake. Tundu la kweli hupatikana kwa kuchagua maumbo yote mawili na kulitoa la juu kutoka kwa la chini, yaani Ctrl na alama ya kutoa. Sehemu uliyoificha kwa kinyago (mask), yaani umbo la kufunikia, nayo haijafichika: kisu kitaikata kana kwamba kinyago hakikuwepo.

Mstari wa vidoti huwashangaza wengi zaidi. Mtu huchora mstari wa kukunjia kadi, huuchagulia mtindo wa vidoti, huuona umekatika-katika vizuri kwenye skrini, halafu mashine huukata moja kwa moja na kadi hutoka vipande viwili. Vile vidoti vilikuwa pambo la kuonekana tu, na mstari wenyewe uliandikwa kwenye faili ukiwa mzima. Inkscape ina kiendelezi cha kuugeuza mtindo huo kuwa vipande halisi, na kipo kwenye orodha ya viendelezi vya kurekebisha mistari. Kwa kadi ya manila mimi huanza na mkato wa milimita 3 na nafasi ya milimita 2.

Kwa sababu hiyo, kila ninapomaliza hatua moja ya kuchora hubadili mwonekano ili skrini ionyeshe mistari mitupu isiyo na rangi. Kwenye Inkscape ni Ctrl na tarakimu 5 ya upande wa namba, na kwenye Illustrator ni Ctrl na Y. CorelDRAW nayo ina mwonekano kama huo kwenye menyu ya kuangalia. Unachokiona hapo ndicho kitakachokatwa. Kama ningepewa nafasi ya kumfundisha mwanafunzi jambo moja tu katika kazi hii, ningemfundisha hilo.

Kuchora upya kutoka kwenye picha

Kabla ya kuhangaika na picha mbovu, mwombe mteja picha ya asili, na umwelekeze aitume kama dokumenti badala ya kuituma kama picha. WhatsApp hubana picha za kawaida ili zisafiri haraka, na kingo za herufi hubaki na ukungu ambao kompyuta huusoma kama mikunjo midogo midogo. Dokumenti hufika ilivyo. Ombi hilo dogo huokoa nusu saa ya kazi.

Inkscape huweza kugeuza picha kuwa mistari kwa Shift, Alt na B. Picha yenye rangi mbili tu, kwa mfano nembo nyeusi juu ya nyeupe, hutoka vizuri. Picha yenye rangi nyingi hutoa matabaka yaliyolaliana, na kila tabaka lina kingo zake, kwa hiyo usipoyasafisha kisu kitapita mara mbili au tatu karibu na mahali palepale hadi karatasi ichanike. Baada ya kugeuza, isogeze picha ya asili pembeni na uifute, kwa kuwa hubaki chini ya mistari mipya bila kuonekana.

Kisha hesabu nukta. Kila mstari wa faili hili hushikiliwa na nukta ambazo kisu hupitia, na duara kamili linahitaji 4 tu. Duara lililotokana na picha yenye ukungu linaweza kuwa na makumi ya nukta, na mashine inapolikata utaisikia ikisitasita na utaona ukingo umekuwa kama msumeno. Ctrl na L hupunguza nukta, lakini uibonyeze mara moja na uangalie, kwa sababu ukiibonyeza mara nne mfululizo pembe za nyota zitakuwa mviringo na herufi zitapoteza sura.

Maoni yangu ni kwamba umbo rahisi lichorwe upya kwa mkono. Chukua mfano wa korosho, lile pambo la kanga linalofanana na tone lililopinda shingo. Watu wengi hupiga picha kanga ya nyumbani, huigeuza kwa kompyuta, na hupata korosho yenye nukta zaidi ya 100 kwa sababu nyuzi za kitambaa nazo zimehesabiwa. Ukiichora kwa kalamu ya programu, nukta 5 zinatosha: moja kwenye ncha ya shingo, moja mgongoni, moja chini ya tumbo, moja mbele ya tumbo, na moja ndani ya mpindo wa shingo. Ncha iwe kali, na nukta nyingine zote ziwe laini. Itengeneze moja, iridhie, kisha inakili kuzunguka ukingo wa kadi kama pindo linavyouzunguka mji wa kanga, ukiacha milimita 3 kati ya korosho na korosho. Umbo moja safi lililonakiliwa mara 24 ni rahisi kurekebisha, na kisu hupita juu yake bila kukwama.

Jina la juu ya keki

Herufi ndizo zenye mitego mingi kuliko pambo lolote, na njia nzuri ya kuieleza ni kufuata kazi moja hatua kwa hatua. Tuseme tunatengeneza jina Khadija kwa manila ya gramu 250, kwa mwandiko wa kuunganisha, ili lisimame juu ya keki.

Andika jina, chagua fonti yenye mwili mnene, kisha hifadhi nakala ya faili hilo pembeni ikiwa bado ni maandishi, kwa kuwa mteja anaweza kurudi na kusema kwamba jina linaandikwa Hadija. Kwenye nakala ya kukatia, geuza maandishi kuwa mistari kwa Shift, Ctrl na C. Usipofanya hivyo, kompyuta ya fundi isiyo na fonti ile itaweka nyingine, na jina litatoka kwa sura ambayo hukuichagua.

Sasa badilisha mwonekano uone mistari mitupu. Mkia wa h umeingia ndani ya a, na mistari yao inakatana. Mkia wa a umeingia ndani ya d, na hali ni ileile hadi mwisho. Ukipeleka hivyo kwenye mashine, kisu kitakata kila herufi peke yake, na jina litasambaratika kwenye mkeka. Tengua kundi la herufi kwa Shift, Ctrl na G, zichague zote, kisha ziunganishe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Mistari ya ndani itatoweka, na utabaki na ukingo mmoja wa nje pamoja na matundu ya ndani ya a na d. Matundu hayo yataanguka yakikatwa, na ndivyo tunavyotaka.

Kazi haijaisha. K kubwa katika fonti nyingi za mwandiko haiigusi h, kwa hiyo isogeze kulia hadi iingie ndani ya h kwa milimita 1 au zaidi, halafu unganisha tena. Kisha kuna nukta za juu ya i na j, ambazo zinaelea hewani bila kushikwa na chochote. Hapa jina lenyewe linatusaidia, kwa kuwa d ina mguu mrefu unaosimama karibu kabisa na nukta ya i. Sogeza nukta hiyo kushoto hadi iuguse mguu wa d na kuingia ndani yake kidogo. Nukta ya j haina jirani mrefu, hivyo iteremshe hadi ilalie kichwa cha j, au uweke mahali pake ua dogo ambalo shina lake linashuka hadi kwenye herufi. Wateja wangu wengi hulipenda ua hilo kuliko nukta.

Mwisho, pima sehemu nyembamba kuliko zote. Kwa manila ya gramu 250, sehemu yenye upana chini ya milimita 2 hulegea jina linaposimama. Kama fonti ni nyembamba, inenepeshe yote kwa kuisukuma nje kwa milimita 0.5, kisha uangalie kama matundu ya a na d hayajazibika. Ongeza vijiti viwili chini ya jina, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 60, kimoja chini ya h na kingine chini ya j, na uviunganishe na herufi kwa amri ileile ya kujumlisha. Kijiti kimoja cha katikati huzungukazunguka kwenye krimu, na jina huishia kutazama ukutani.

Kwa kielelezo cha kupakia rangi (stensili) ukutani au kwenye fulana, mambo hugeuka kinyume. Hapo herufi ndiyo tundu, na kile kipande cha ndani ya a, d, o au e ni kisiwa kitakachoanguka usipokijengea daraja. Acha madaraja mawili katika kila kisiwa, yenye upana wa milimita 2 kwa herufi za urefu wa sentimita 5, na uyapange yote kwa mwelekeo mmoja ili yaonekane kuwa ni sehemu ya mwandiko.

Ukubwa, inchi na karatasi ya A4

Mafaili mengi yanayouzwa au kutolewa bure kwenye intaneti yametengenezwa kwa ajili ya karatasi ya Marekani ya inchi 12 kwa 12, yaani milimita 305 kila upande. Karatasi ninayoipata kwa urahisi madukani hapa mjini ni A4 ya milimita 210 kwa 297. Hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililonipa hasara kubwa kuliko zote. Nilinunua faili la kadi yenye ukingo kama wa lesi, nikalipunguza liingie kwenye A4 nikiacha milimita 10 kila upande, na kwenye skrini likapendeza kuliko hata la asili. Upana wa milimita 305 ulikuwa umekuwa 190, yaani takriban asilimia 62, na nyuzi za lesi zilizokuwa na milimita 1.2 zikabaki na milimita 0.75. Nilikata kadi 11 kabla sijakubali kwamba hakuna hata moja itakayotoka kwenye mkeka bila kuchanika. Ilinibidi niufute ukingo wote na kuuchora upya wenye mapambo machache na manene, na kadi zikapelekwa kwa mwenyewe usiku.

Kwa hiyo ukipunguza faili, usiangalie sura yake ya jumla. Ingia ndani, pima uzi mwembamba kuliko zote, na uamue kwa namba hiyo. Vilevile kumbuka kwamba kila kitu hupungua isipokuwa unene wa karatasi: boksi lenye matundu ya kuchomekea masikio, likipunguzwa kwa theluthi, hubaki na matundu ambayo manila ileile haiwezi kuyapita. Matundu hayo yapanue moja moja.

Hata A4 yenyewe ina jambo la kuangalia. Mkeka wa kawaida wa Cricut Explore na Maker ni wa inchi 12 kwa 12, lakini eneo linalokatwa ni inchi 11.5 kila upande, takriban milimita 292. Urefu wa A4 ni milimita 297, kwa hiyo muundo uliojaza karatasi nzima hautaingia. Mimi hufungua ukurasa wa milimita 190 kwa 277, na sitoki nje ya mipaka hiyo.

Tatizo jingine la ukubwa hutokana na programu kutokubaliana. Inkscape tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017 huhesabu pikseli 96 kwa inchi, na kabla ya hapo ilihesabu 90. Illustrator huhesabu 72. Faili la SVG linapohama kutoka moja kwenda nyingine linaweza kukua au kusinyaa bila onyo, na kwa kuwa uwiano haubadiliki, jicho haligundui. Dawa yake ni mraba wa milimita 50 ambao huuweka kwenye pembe ya kila faili. Ukilifungua kwenye programu ya mashine, upime mraba huo kwanza. Ukisoma milimita 37.5, faili lililotengenezwa kwa 72 limesomwa kwa 96. Ukisoma milimita 66.7, imekuwa kinyume chake. Ukisoma karibu 46.9, limetoka kwenye Inkscape ya zamani. Rekebisha kila kitu kwa pamoja hadi mraba urudi kuwa 50, halafu ufute. Faili la DXF mara nyingi halisemi kama namba zake ni inchi au milimita, na likisomwa visivyo hutofautiana mara 25.4, kosa ambalo angalau huonekana papo hapo.

Kukunja, rangi na stika

Ndani ya faili, tumia rangi kama lugha kati yako na mashine. Mimi huchora mistari ya kukata kwa nyekundu na ya kukunja kwa bluu, kila aina kwenye tabaka lake. Silhouette huweza kupanga kazi kwa kufuata rangi za mistari. Design Space nayo hutenganisha rangi kuwa matabaka, na hapo mstari wa bluu utauchagulia kazi ya kukunja. Lakini usisahau kuchagua mistari yote ya kadi moja na kuifunga pamoja kwa amri iliyoandikwa Attach. Usipofanya hivyo, programu itaipanga upya ili kuokoa karatasi, na mistari ya kukunja itakaa mbali na kadi yake.

Kwa stika ya kubandika kwenye kioo cha duka au bajaji, ongeza mstatili kuzunguka maandishi, ukiwa umeachana nayo kwa milimita 5, ili mabaki yachambuliwe kwa mkupuo mmoja bila kuvuta kipande cha kazi inayofuata. Herufi zenye urefu chini ya milimita 8 huchosha kuzichambua na huanza kubanduka zenyewe, na mimi humwambia mteja hivyo kabla sijapokea pesa yake. Kwa vinili inayobandikwa kwenye fulana kwa joto, geuza muundo wote kama unavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, kwa sababu hukatwa kutokea upande wa nyuma. Andika neno GEUZA kwenye jina la faili lenyewe, na ikiwa anayekata ni fundi, mweleze wazi kama umeshageuza au bado. Likigeuzwa mara mbili linarudi lilivyokuwa, na fulana 30 za timu ya mtaa husomeka kinyumenyume.

Stika zinazoprintiwa kwanza halafu zikakatwa huhitaji rangi ya nyuma itoke nje ya mstari wa kukata kwa milimita 2, ili karatasi ikikaa upande kidogo usionekane mstari mweupe. Picha yenyewe iwe na pikseli 300 kwa inchi kwa ukubwa wa mwisho, yaani stika ya milimita 60 inahitaji takriban pikseli 710. Alama nyeusi ambazo programu huweka pembeni ndizo zinazoiongoza mashine, hivyo usiweke chochote karibu nazo.

Kabla ya kukata, na kabla ya kutuma

Usikate kazi nzima ukiwa hujakata kipande kimoja. Chukua sehemu ngumu kuliko zote ya muundo, kwa mfano pembe ya lesi au herufi moja yenye tundu, iweke peke yake kwenye faili dogo, na uikate kwenye karatasi ileile itakayotumika. Jaribio la siku nyingine halitoshi. Katika miezi ya masika manila hunyonya unyevu wa hewa ya pwani na kuwa laini, na uzi uliokatika vizuri mwezi Januari huweza kuchanika mwezi Aprili kwa faili lilelile.

Ukipakua faili la mtu mwingine, soma masharti yake. Mengi huruhusu matumizi ya nyumbani tu, na kadi za kuuza huhitaji leseni ya biashara. Nchini Tanzania kazi za ubunifu zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mchoraji wa Mwenge anastahili heshima ileile unayoitaka wewe kwa korosho uliyoichora mwenyewe.

Mwishowe weka mafaili mawili kwa kila kazi. La kwanza ni la kuhariri, lenye maandishi yanayobadilika na matabaka yote. La pili ni la kukata, ambalo kila kitu kimegeuzwa kuwa mistari, kimeunganishwa, na kimekaguliwa kwa mwonekano wa mistari mitupu. Jina la faili lieleze kazi bila mtu kulifungua, kwa mfano khadija_keki_manila250_mm160_kata.svg, ambapo 160 ni upana wa jina kwa milimita. Ukimtumia fundi kwa WhatsApp, litume kama dokumenti, na chini yake mwandikie upana na urefu unaotarajiwa, aina ya karatasi, idadi, na kama kuna kugeuza. Ukienda nalo kwa flashi, liangalie likifunguliwa kwenye kompyuta yake, upime upana wa jina pamoja naye kwenye skrini, na usiondoke hadi kipande cha kwanza kimetoka na rula imewekwa juu yake.